Madaftari ya fizikia ya baba mkubwa: tuyape chuo, tuyaweke nyumbani au tuyatupe?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Baba mkubwa wetu alifariki mwaka jana hapa Jinja. Alisoma shule ya Mwiri, kisha akasoma fizikia Makerere mwishoni mwa miaka ya 1950, akafundisha sekondari hadi akastaafu. Katika sanduku lake la bati tumekuta madaftari saba ya mihadhara na ya maabara, yote kwa mwandiko wake. Mawili yana ukungu, moja limeliwa na mchwa pembeni, na jingine kurasa zake zimegandana. Kaka yangu, ambaye ni fundi wa umeme, anasema fizikia yote iko vitabuni, na tena marehemu alikosea: ameandika kwamba g ni 978 badala ya 981, na kwamba maji yalichemka kwenye nyuzi 96. Anataka tuchague kurasa nzuri tuzitie lamineti, zilizobaki zitupwe. Binamu yetu anasema tupige picha kwa simu, basi. Shangazi anataka yapelekwe Makerere, ila wengine wanaogopa kwa kuwa jengo kuu la pale liliungua. Je, yana thamani yoyote? Tufanyeje?"*

Ndugu yangu, poleni sana kwa kuondokewa na baba mkubwa. Na ahsanteni kwa kuuliza kabla hamjagusa kitu, maana madaftari mengi ya namna hii hapa Uganda yameishia kufungia karanga au kuwashia sigiri. Jibu langu kwa ufupi: yana thamani, yote saba, pamoja na hilo lililoliwa na mchwa. Msichague kurasa. Msitie lamineti. Picha pigeni, lakini zisichukue nafasi ya madaftari yenyewe. Nitaanza na hayo yanayoitwa makosa, kwa sababu naona ndiyo yaliyomkatisha tamaa kaka yako.

Marehemu hakukosea. Ile 981 ambayo sote tulikaririshwa, yaani sentimita 981 kwa sekunde mraba, ni kipimo cha g (namna kasi ya kitu kinachoanguka inavyoongezeka kila sekunde) kwa mtu aliye Uingereza au mahali pengine penye latitudo kama ile. Dunia haikuviringana sawasawa. Imevimba kidogo kwenye ikweta, kwa hiyo sisi wa huku tuko mbali zaidi na kitovu chake kuliko watu wa London, na mzunguko wa dunia nao unatupunguzia uzito kidogo. Kwenye ikweta, usawa wa bahari, g ni 978. Kampala iko yapata mita 1,200 juu ya bahari, hivyo inashuka kidogo tena, ikawa kati ya 977 na 978. Mtu aliyeandika 978 akiwa kilimani Makerere aliandika habari za mahali alipokuwa amesimama.

Naomba mfungue ukurasa huo mtazame kilichotangulia hiyo namba. Kama kuna jedwali la urefu wa uzi na muda wa mibembeo, basi aliipima mwenyewe kwa pendulamu, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Pendulamu yenye uzi wa mita moja ikibembea mara 100, tofauti kati ya London na Kampala ni kama theluthi moja tu ya sekunde. Ukichelewa kubonyeza saa kwa muda wa kupepesa jicho, umeipoteza. Kuipata kunataka kuhesabu mibembeo mingi, kurudia, na kutojidanganya pale jibu linapokataa kufanana na la kitabu. Kama hakuna jedwali, basi namba aliipata kwa mhadhiri, na hilo nalo ni habari: linatuambia kwamba mhadhiri huyo hakuwa akisoma tu kitabu cha London mbele ya darasa, alikuwa akiwafundisha vijana fizikia ya mahali walipo.

Maji ni vivyo hivyo. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 palipo na kanieneo ya hewa ya usawa wa bahari, ambapo baromita ya zebaki husoma sentimita 76. Kampala husoma kama sentimita 66, na maji huchemka karibu na nyuzi 96. Kila mwanafunzi aliyesahihisha kipimajoto kwa mvuke katika maabara ya huko ilimlazimu asome baromita kwanza, kisha apige hesabu ya marekebisho. Ambaye angeandika 100 kavukavu ndiye ningemtilia shaka, kwamba alinakili jibu kutoka kitabuni. Mwambieni kaka arudie jaribio hilo nyumbani. Jinja nayo iko juu vilevile, kipimajoto kizuri kitamwonyesha.

Sasa, kaka yako ana haki katika jambo moja: sheria za Newton hazihitaji madaftari yenu ili zijulikane. Hakuna atakayekuja kuyafungua ajifunze mwendo au umeme. Atakayekuja atataka kujua jambo ambalo vitabu havina, yaani ni nini hasa kilifundishwa Kampala miaka ile, kwa mpangilio gani, kwa vifaa gani, na kijana aliyekaa kwenye benchi alikielewaje. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Mwaka 1949 ikaingia katika uhusiano na Chuo Kikuu cha London, ndiyo maana baba mkubwa aliishi Kampala akasomea shahada ya London. Mwaka 1963 ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Dar es Salaam, na mwaka 1970 kila kimoja kikajitegemea. Mihtasari ya vikao vya wakubwa inaeleza majengo na bajeti. Mtaala unaeleza kilichokusudiwa. Lakini kilichosemwa ubaoni asubuhi fulani, na swali alilouliza mtu, kimebaki kwa wanafunzi tu, na wanafunzi wa kizazi hicho wanatutoka mmoja mmoja.

Albert Einstein, alipokuwa akisoma Zürich kati ya 1896 na 1900, hakuwa mtu wa kuhudhuria kila kipindi. Mitihani ilipokaribia alijisomea kwa madaftari ya mwenzake Marcel Grossmann, aliyekuwa akiandika kwa usafi na kwa utaratibu. Madaftari hayo yapo mpaka leo katika maktaba ya chuo kile, na wanahistoria huyasoma ili kujua Einstein alifundishwa hisabati gani kabla ya nadharia zake. Grossmann mwenyewe alikuwa akijiandalia mtihani tu.

Na huku kwetu mnamkumbuka Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari Magamba, Tanganyika, aligundua wakati wa kutengeneza aiskrimu kwamba maziwa yake, aliyoyatia kwenye friza yakiwa moto, yaliganda kabla ya ya wenzake. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, wenzake wakamcheka. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa chuo cha Dar es Salaam, aliyekubali kulijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia bado wanabishana juu ya jambo hilo. Kwa hiyo mkikuta alama ya kuuliza pambizoni, au mstari uliokatwa kwa hasira, msiufute na msione aibu. Huenda ndipo penye uzito kuliko kurasa zilizoandikwa vizuri.

Tazameni pia vizio alivyotumia. Hiyo 978 yenyewe imeandikwa kwa sentimita, na naamini mtakuta pia *dyne*, *erg* na *gauss*, vizio vya mfumo wa zamani wa sentimita, gramu na sekunde. Mfumo wa kimataifa tunaoutumia sasa ulipewa jina lake mwaka 1960. Kama baba mkubwa alisoma miaka hiyohiyo, daftari la mwanzo na la mwisho yakiwekwa pamoja yanaweza kuonyesha mabadiliko hayo yalivyoingia darasani Kampala. Ukitoa kurasa "nzuri" ukatupa nyingine, ushahidi huo umekwisha. Ndiyo sababu sisi tunaotunza nyaraka tunashikilia sana mpangilio wa asili. Karatasi iliyochomekwa katikati ya daftari, iwe ya mtihani, barua au risiti ya karo, ibaki palepale ilipokutwa. Karatasi ya maswali ya mtihani wa wakati ule hasa ni kitu adimu, iangalieni kama yai.

Tuje kwenye hali yake, na hapa lazima tuharakishe kidogo. Karatasi nyingi za madaftari ya shule za miaka ile zilitengenezwa kwa mbao iliyosagwa, na kiwandani zikatiwa kemikali za kuzuia wino usitapakae. Kemikali hizo huacha asidi ndani ya karatasi. Asidi hukatakata nyuzinyuzi polepole, karatasi inakuwa ya kahawia kuanzia kingoni, kisha ukiikunja pembe inavunjika. Joto na unyevu huharakisha kazi hiyo. Wino nao hutofautiana. Ule wa buluu iliyoiva wa kalamu za kujaza mara nyingi ulikuwa na chuma na asidi, na unaweza kuila karatasi kwa nyuma mpaka herufi zikaacha vitundu. Ule wa buluu nyepesi ni rangi tu: tone moja la maji linaufuta, na jua linaupausha. Kwa hiyo kitambaa chenye maji kisikaribie daftari, na wala msiyaanike juani, hata kama ndiyo desturi yetu kwa kila kitu kilichopata unyevu.

Sanduku la bati mnaliona kama ngao, na kweli limezuia panya. Lakini fikirini linavyofanya chini ya paa la mabati. Mchana linapata joto, karatasi inatoa unyevu wake ndani ya sanduku lililofungwa. Usiku bati linapoa upesi, unyevu unaganda kama umande upande wa ndani, unateremka kwenye madaftari ya pembeni. Jinja iko kando ya ziwa, na hewa yake katika miezi ya mvua si ya mchezo. Hewa ikizidi unyevu wa asilimia 65 kwa muda, ukungu unaota. Nisingeshangaa kama hayo mawili yenye ukungu ndiyo yaliyokuwa yamegusana na bati.

Kwa hiyo leo hii toeni madaftari sandukuni. Kwanza piga picha ya namna yalivyopangwa ndani, ili mpangilio usipotee. Hayo mawili yawekeni mbali na mengine, katika chumba kikavu chenye hewa inayopita, pasipo jua, yakiwa yamefunguka kidogo kama feni ya mkono. Feni ya umeme isiyaelekee moja kwa moja, itatawanya vumbi la ukungu nyumba nzima. Ukungu ukikauka kabisa utakuwa kama unga. Unga huo unaondolewa nje ya nyumba kwa brashi laini ya rangi, taratibu, kwa mtu aliyevaa barakoa na glavu. Mwenye pumu asifanye kazi hii, na watoto wasiwepo karibu.

Kuhusu mchwa, msijali daftari kabla ya kujali nyumba. Mchwa hawaishi ndani ya karatasi. Wanakuja kula na kurudi kwao. Tafuteni njia yao ya udongo ukutani au chini ya sanduku. Kama mnaona vijidudu vyembamba vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifungua ukurasa, hao ndio wanaoishi humo. Funga daftari lililo kavu ndani ya kavera mbili, yaani mifuko ya plastiki, ulitie kwenye friza kamili, inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi, kwa wiki mbili. Ukilitoa usilifungue mpaka siku nzima ipite, lisije likashika umande. Sehemu ya barafu ya friji ya kawaida haitoshi. Na ukungu haufi kwa baridi, unalala tu. Dawa ya mende na vidonge vya nondo vikae mbali: harufu yake inaingia kwenye karatasi na kwenye mapafu ya atakayesoma.

Lamineti naipinga kwa nguvu zote. Inafanya kazi kwa joto na gundi ya plastiki, na karatasi yenye asidi ikishafungiwa humo inaendelea kujila yenyewe, ila sasa hakuna mtu anayeweza kuifikia. Maji yakimwagika hayazoleki. Selotepu pia, hata kipande kidogo cha kushikilia pale mchwa walipokula. Baada ya miaka michache gundi yake inageuka njano na kula wino. Pini na stepla zilizoshika kutu, kama zinatoka bila kulazimishwa, toeni; zikigoma acheni. Kisha kila daftari lifungwe kwa kitambaa safi cha pamba, yalale bapa katika boksi la kadibodi, juu ya rafu iliyo mbali na sakafu na mbali na ukuta wa nje. Boksi maalumu lisilo na asidi ni bora, ila ni ghali na halipatikani kila duka, na msisubiri lipatikane ndipo muanze.

Binamu yako ana wazo zuri la picha. Fanyeni hivyo kabla madaftari hayajaondoka nyumbani. Kaa karibu na dirisha lenye mwanga wa kivuli, simu iwe juu kabisa ya ukurasa bila kuinama, na upige kila kitu: jalada la mbele na la nyuma, kurasa tupu, karatasi zilizochomekwa. Usilazimishe daftari lilale wazi kabisa, mgongo utavunjika. Faili zipewe majina yanayoeleweka, daftari la kwanza ukurasa wa kwanza, na kadhalika, na nakala ziwe mahali patatu tofauti, si kwenye simu moja ambayo kesho itaanguka majini. Lakini picha haionyeshi kila kitu. Haikuonyeshi ni wino gani ulikuja juu ya upi, wala alama ya kiwanda iliyo ndani ya karatasi, inayoonekana ukiishika mbele ya mwanga, wala ukurasa uliochanwa ukabaki kisiki. Na simu zinabadilika. Mtu wa mwaka 2080 ataweza kushika daftari hili akalisoma, faili sina hakika kama atalifungua.

Sasa hofu ya Makerere. Ni kweli jengo kuu liliungua Septemba 2020, na lilituuma sote. Limejengwa upya, likafunguliwa tena mwaka 2024. Ila maktaba kuu ni jengo jingine, na moto ule haukuifikia. Swali langu kwenu ni hili: nyumba yenu Jinja ina ulinzi gani dhidi ya moto, paa linalovuja, mchwa, au mpangaji mpya asiyejua ni nini kimo kwenye boksi? Maktaba zetu zina upungufu wa fedha na wa watu, sitawaficha, na madaftari yanaweza kukaa muda mrefu kabla ya kuorodheshwa. Hata hivyo kama ni mimi, ningeyapeleka, kwa sababu nyumbani yanamtegemea mtu mmoja anayejali, na mtu huyo akifariki mambo yanaanza upya. Shangazi ameona mbali.

Msiyaache tu mezani kwa mtu na kuondoka. Ombeni hati ya zawadi iliyoandikwa na kutiwa saini pande zote mbili. Ulizeni yatawekwa wapi, nani ataruhusiwa kuyasoma, kama familia itapewa nakala, na kama siku moja chuo kikiona hakiyahitaji yatarudi kwenu au la. Kutoa madaftari na kutoa hakimiliki ni mambo mawili. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006, maandishi ya mtu hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo hati iseme wazi mnaachia kipi. Aliyesaini awe ndiye msimamizi halali wa mali ya marehemu. Kaeni kikao cha familia kwanza, mjane na watoto wakiwepo, ili asije mtu baadaye akadai yameibwa. Kama ndani mna barua za siri au maneno makali juu ya mtu aliye hai, msizichane, ombeni sehemu hiyo ifungwe kwa miaka kadhaa. Hilo ni jambo la kawaida kwetu.

Kama hamko tayari kuyaachia, ulizeni kama yanaweza kuazimwa yakaskaniwe vizuri kisha yarudi. Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, Fort Portal, kimefanya kazi kubwa ya kuhifadhi na kuskani nyaraka za wilaya kule magharibi, na Wandegeya, hapo Kampala, kuna Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu na Nyaraka, ambacho kinaweza kuwapa ushauri. Kuuza nje sikushauri: daftari la mwanafunzi asiye na jina kubwa halina bei sokoni, na likishaondoka nchini mjukuu wenu atahitaji viza ili kulisoma.

Jambo moja lifanyeni wiki hii wakati wazee bado wapo. Andikeni ukurasa mmoja juu ya baba mkubwa: jina kamili, alikozaliwa, shule alizosoma, miaka aliyokuwa Makerere, alikofundisha, na wahadhiri na wenzake ambao shangazi anawakumbuka. Daftari lisilo na ukurasa huo likifika kwetu, tunaishia kuandika "mwanafunzi asiyejulikana".

Kuhusu lile lililogandana, hapo mkono wa nyumbani unaishia. Msitie kisu, msilipashe pasi, msilipulizie mvuke. Kurasa hugandana kwa unyevu, kwa ukungu, au kwa gundi ya jalada iliyoyeyuka, na kila chanzo kina njia yake ya kutenganisha. Ukikosea, wino wa ukurasa mmoja unahamia kwenye mwingine. Lipelekeni kwa mtu aliyesomea uhifadhi wa karatasi. Fanyeni vivyo hivyo kama mnaona herufi zinadondoka zikiacha vitundu, au ukungu wenye rangi unarudi baada ya kukauka. Pigieni simu maktaba kuu ya Makerere kwanza, ombeni kuzungumza na wanaohusika na nyaraka, waelezeni kama mlivyonieleza mimi. Siku ya kwenda, lifungeni kwa kitambaa, liwe bapa kati ya vipande viwili vya kadibodi, mpande taksi au gari lenye paa, si boda. Na madaftari mengine sita msiyatenganishe nalo kwenye orodha yenu, hata kama siku hiyo mtakwenda na hilo moja.